William Leigh, mchoraji aliyeacha milima ya Kivu kwenye makaratasi

Novemba 1926, Mmarekani mwenye umri wa miaka 60 alikuwa kwenye mteremko wa mlima Mikeno, akiwa na rangi za mafuta na turubai za kuchorea. Jina lake lilikuwa William Robinson Leigh. Alitumwa kuchora milima yetu kwa usahihi, ili hata mtu wa New York ambaye hatafika Kongo maisha yake yote aione kama amesimama palepale.

Kazi hiyo ilifanikiwa. Picha yake kubwa ingali ukutani New York, na kila mwaka watu wengi wanasimama mbele yake. Vitu vya chumba chake cha kazi, yaani michoro ya majaribio, picha, barua na maandishi ya maisha yake, vimehifadhiwa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, Marekani.

Sehemu ya kumbukumbu ya Kivu ya miaka 100 iliyopita basi iko ndani ya makaratasi ya mgeni, mbali sana na hapa. Kwa wakaaji wa Masisi na Walikale, ambao wengi wao wamekimbia na kuacha nyumbani hata cheti cha ubatizo na daftari la shule, maisha ya mtu huyu yana funzo lisilohusu sanaa tu.

Mtoto wa shamba lililofilisika

Leigh alizaliwa tarehe 23 Septemba 1866 katika wilaya ya Berkeley, West Virginia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu kabla yake. Familia yake ilikuwa na jina na shamba, lakini vita viliwaachia mali kidogo. Alikua akichora wanyama wa pale nyumbani: farasi, mbwa na ng'ombe.

Alipokuwa na umri wa miaka 12, tajiri mmoja wa Washington aliyependa sanaa, William Wilson Corcoran, alimpa dola 100 kwa mchoro wa mbwa. Kwa familia ya shamba la wakati ule, hizo zilikuwa pesa nyingi. Zilionyesha pia kwamba mkono wa yule mtoto ungeweza kumlisha.

Akiwa na miaka 14 alipelekwa Baltimore, akafundishwa na mchoraji Hugh Newell. Mwaka 1883 alivuka bahari kwenda Munich, Ujerumani, kusoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Alikuwa na miaka 17. Hadi 1895, mji ule ndio uliokuwa makao ya masomo na kazi yake, ingawa kuna nyakati masomo yalisimama kwa sababu pesa zilikwisha.

Munich ya wakati ule haikuwa mahali pa mchezo. Mwanafunzi alianza kwa mkaa na karatasi, akanakili sanamu za plasta miezi na miezi kabla ya kuruhusiwa kuchora mtu aliye hai. Alijifunza mifupa ya mtu na ya mnyama, namna mwanga unavyoanguka juu ya ngozi, na namna umbali unavyobadilisha rangi. Rangi za mafuta zilikuja mwisho. Ndiyo njia iliyoitwa ya akademi, na Leigh aliishika hadi kufa. Ulaya na Amerika zilipoanza kusifu michoro isiyofanana na kitu chochote, yeye alibaki upande wa zamani na kupinga uchoraji wa kisasa waziwazi.

Ukuta wa duara

Kuna kazi moja ya miaka ile ya Ujerumani ambayo inaeleza kwa nini baadaye alichaguliwa kuja Kongo. Ilikuwa kuchora panorama.

Panorama ilikuwa burudani kubwa ya karne ya 19, kabla ya sinema. Watu walilipa, wakaingia ndani ya jengo la mviringo, wakasimama katikati, na picha moja ikawazunguka pande zote. Inaweza kuwa vita, mji, au habari za Biblia. Wachoraji waliifanya kwa kundi, kila mmoja na sehemu yake, na ilibidi mtazamaji asione mahali ambapo mkono mmoja umeishia na mwingine umeanza.

Leigh alishiriki katika panorama kadhaa. Inayojulikana zaidi ni ya kusulubiwa kwa Kristo, iliyofunguliwa mwaka 1893 huko Einsiedeln, Uswisi, mji ambao Wakatoliki huenda kuhiji. Alifanya kazi hiyo pamoja na Karl Frosch na Josef Krieger. Jengo lile liliungua mwaka 1960 na picha ikachorwa upya baadaye, lakini Leigh alikuwa amekwisha kupata ujuzi ambao wachoraji wachache walikuwa nao. Alijua kuchora juu ya ukuta uliopinda, ili macho ya mtazamaji yasahau kwamba kuna ukuta.

Kutoka magazeti hadi jangwa

Aliporudi New York mwaka 1896 hakupokelewa kama shujaa. Alipata riziki kwa kuchorea magazeti, hasa Scribner's na Collier's. Kazi ya gazeti ni ya haraka, na jina la mchoraji linasahauliwa wiki inayofuata. Yeye alitaka kitu kingine. Tangu utoto alitamani kuchora magharibi ya Amerika, nchi ya majangwa na makorongo, ya farasi na ya wenyeji Wanavajo na Wahopi.

Nauli hakuwa nayo. Mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 40, alifanya mapatano na kampuni ya reli ya Santa Fe: wao wampe safari bure, yeye awape picha ya korongo kubwa la Grand Canyon. Reli ile ilihitaji picha za kuvutia watalii, naye alihitaji gari moshi. Picha ilipendeza, wakamwagiza nyingine tano. Ndivyo alivyopata kazi ya maisha yake yote.

Wakosoaji wa New York hawakumwonea huruma. Walisema rangi zake ni kali mno, kwamba farasi hawana zambarau na anga haina manjano namna ile. Leigh hakubadilisha kitu. Yeye alikuwa ameketi jangwani wakati jua linazama na kuona rangi hizo kwa macho yake; wao walikuwa wameketi mjini.

Ndoa yake ya kwanza, na Anna Seng, ilifungwa mwaka 1899 na haikudumu. Mwaka 1921 alimwoa Ethel Traphagen, mwanamke mwenye bidii, ambaye miaka miwili baadaye alianzisha shule ya ushonaji na mitindo ya mavazi huko New York. Bila Ethel, pengine makaratasi tunayoyazungumzia yangetawanyika. Tutarudi kwake.

Safari ya Akeley

Mtu aliyemleta Leigh Kongo aliitwa Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa ili waonekane kama wako hai, na katika kazi hiyo hakuwa na mwenzake duniani. Alikuwa mtumishi wa jumba la makumbusho la New York linaloitwa American Museum of Natural History.

Akeley alifika kwenye volkeno za Kivu mara ya kwanza mwaka 1921. Kundi lake liliwaua gorila watano kwenye miteremko ya Mikeno na Karisimbi, kwa ajili ya makumbusho. Kisha akageuka. Aliona kwamba wanyama hawa ni wachache, na kwamba wawindaji wakiendelea kuja kila mwaka watakwisha. Alianza kuwasukuma Wabeleji walinde milima ile. Tarehe 21 Aprili 1925, mfalme Albert wa Kwanza alitia sahihi amri ya kuunda Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza barani Afrika. Leo tunaiita Virunga. Mwaka 1929 ilipanuliwa sana.

Akeley alikuwa na ndoto nyingine: ukumbi mkubwa New York ambamo Afrika itaonekana ndani ya vioo. Kila kioo kingekuwa na wanyama halisi waliotengenezwa, mimea ya mahali pao, na nyuma yao picha ya mahali halisi panapojulikana kwenye ramani. Hakutaka msitu wa kubuni. Kwa hiyo alihitaji wachoraji wa kwenda naye hadi mahali penyewe. Alimchukua Leigh na kijana mmoja aliyeitwa Arthur Jansson. Pesa zilitoka kwa George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, na Daniel Pomeroy.

Mwaka 1926 walifanya kazi Kenya na Tanganyika kwanza. Akeley aliugua huko, akalazwa Nairobi, akatoka kabla ya kupata nguvu. Walipita Uganda wakaingia Kongo upande wa Rutshuru. Pamoja nao alikuwa Mary Jobe Akeley, mke wa Carl, mtaalamu aliyeitwa Raddatz, na mwanasayansi Mbeleji Jean-Marie Derscheid. Leigh alitimiza miaka 60 akiwa safarini, tarehe 23 Septemba. Wenzake wengi wa umri huo nyumbani walikuwa wanafikiria kupumzika.

Kabara

Kati ya kilele cha Mikeno, chenye mita 4,437, na kile cha Karisimbi, chenye mita 4,507, kuna uwanda mdogo wa majani unaoitwa Kabara. Uko zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Usiku baridi inauma, asubuhi ukungu unafunga kila kitu. Miti ya mugeshi imezeeka, matawi yake yamevikwa kuvu na ndevu za kijani. Upupu uko kila mahali.

Kundi lilipanda hadi hapo na wapagazi wa kienyeji, ambao walibeba mahema, masanduku, vyakula, na mizigo ya turubai na rangi. Akeley alifika akiwa amedhoofika kabisa. Tarehe 17 Novemba 1926 alikufa palepale. Walichimba kaburi katika mwamba wa volkeno, wakamzika kwenye mlima ambao ndiye aliyeomba ulindwe.

Wengine wangeweza kufunga mizigo na kurudi. Mary Akeley aliamua kazi iendelee, na Leigh akabaki mlimani kuchora. Alichora milima, majani, vigogo na mawingu. Mchoraji wa kawaida akikosa rangi anaweza kuibuni baadaye akiwa nyumbani. Leigh hakuwa na ruhusa hiyo. Kila mchoro wake ulikuwa kama ushahidi: jua linatoka upande gani, kivuli cha mti kina rangi gani, mlima wa mbali ni wa buluu kiasi gani, na ukungu ukifunguka kwa dakika chache nini kinaonekana kwanza. Wakati huohuo wenzake walikusanya mimea, wakapima na kupiga picha, ili majani yaweze kutengenezwa upya kwa nta.

Kutoka mteremko ule, ukitazama magharibi, unaona Nyiragongo na Nyamulagira. Nyuma ya volkeno hizo kuna vilima vya Masisi, na baada ya vilima hivyo ardhi inateremka kuelekea msitu wa Walikale. Mtu wa Sake au wa Kitchanga anaijua milima hiyo kutoka upande wake. Leigh aliitazama kutoka upande wa pili.

Picha iliyojengwa kama nyumba

Mwaka 1928 Leigh alirudi tena Afrika Mashariki kwa ajili ya ukumbi uleule. Kisha ukafika mgogoro wa uchumi duniani, pesa zikawa ngumu. Kati ya 1932 na 1935 alisimamia uchoraji wa kuta za ukumbi, naye mwenyewe akachora mandhari ya gorila. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1936 kwa jina la Akeley, na hatimaye ukawa na vioo 28.

Kwenye kioo cha gorila, wanyama watano wa 1921 wako kwenye majani. Dume mmoja amesimama na mikono kifuani. Mbele ni mimea halisi na ya nta, nyuma ni ukuta uliopinda wenye milima yetu. Macho hayawezi kusema kwa urahisi udongo umeishia wapi na rangi imeanzia wapi. Ni kazi ileile ya Einsiedeln, lakini sasa badala ya Yerusalemu kuna Kivu.

Kuna jambo ambalo pengine wageni wa New York hawalijui. Mandhari hayo ni ya Kivu ya kabla ya mwaka 1938. Mwaka huo Nyamulagira ilipasuka ubavuni, ikaendelea kumwaga lava hadi 1940, na mto wa moto ukafika ziwani upande wa Sake. Barabara ya zamani ilifunikwa na ukingo wa ziwa ukabadilika. Nyiragongo nayo ilimwagika mwaka 1977, 2002 na 2021. Masisi pia ilibadilika bila volkeno: mwaka 1928 Wabeleji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ardhi kubwa ikagawiwa walowezi, na misitu ya vilimani ikawa mashamba na malisho ya ng'ombe. Mchoro wa Leigh ulishika saa moja ya nchi hii kabla mambo hayo hayajatokea.

Makaratasi yalivyookoka

Mwaka 1938 Leigh alitoa kitabu cha safari zake za Afrika, Frontiers of Enchantment, chenye michoro yake mwenyewe. Aliandika pia historia ya maisha yake, ambayo ilibaki kama maandishi, haikuchapwa wakati wa uhai wake. Alichora hadi mwisho. Sifa zilimfikia akiwa mzee: mwaka 1955 chuo cha taifa cha wachoraji cha Marekani kilimpokea kuwa mwanachama kamili. Tarehe 11 Machi mwaka huohuo alikufa New York, akiwa na miaka 88.

Mara nyingi hapo ndipo kumbukumbu ya msanii inapotawanyika. Watoto wanagawana, wanunuzi wanachagua zile picha nzuri, na makaratasi yanakwenda jalalani kwa sababu hayana bei. Mchoro wa majaribio wenye doa la rangi, barua ya kudai pesa, orodha ya vitu vya safari, nani atanunua?

Ethel Traphagen hakufanya hivyo. Aliweka vitu vya chumba cha kazi pamoja. Baada ya Ethel kufa mwaka 1963, mkusanyo ule ulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Gilcrease huko Tulsa. Jumba hilo lilianzishwa na Thomas Gilcrease, tajiri wa mafuta ya petroli aliyetoka katika kabila la wenyeji la Wamuskogee. Mwaka 2021 lilifungwa ili lijengwe upya, lakini mkusanyo ni mali ya mji, si ya mtu mmoja.

Kwa sababu vitu vilibaki pamoja, watafiti waliweza kuandika maisha ya Leigh kwa ukamilifu. Wanaweza kulinganisha mchoro mdogo wa mlimani na ukuta mkubwa wa New York, na kuona alichokibakiza na alichokiacha. Wanaweza kujua alikuwa na njaa lini, alikuwa na deni la nani, na kwa nini alikubali kazi fulani. Picha iliyokamilika haisemi mambo hayo.

Waliobeba masanduku

Lakini makaratasi hayo yana pengo, na pengo hilo linatuhusu sisi. Akeley ana kaburi lenye jina. Leigh ana jumba zima. Wapagazi waliobeba turubai zile hadi Kabara, wakalala kwenye baridi ileile na kuonyesha njia ya gorila, wengi wao hawakuingia katika historia kwa majina yao. Katika vitabu vya safari vya wakati ule wanatajwa kwa jumla: wabebaji, watumishi, watu wa kijiji fulani.

Hata kile Leigh alichotumwa kuchora kilikuwa mandhari bila watu. Mtazamaji wa New York anaona mlima na gorila, anadhani mahali pale hapakuwa na mwenyewe. Ukweli ni kwamba miteremko ile ilikuwa na njia za wachungaji, wawindaji, warina asali na wakata mianzi. Mipaka ya hifadhi ilipowekwa, wengi wao walizuiwa kuingia mahali walipokuwa wanapata riziki. Ugomvi huo wa ardhi kati ya hifadhi na wakaaji haujaisha hadi leo.

Mwaka uleule wa 1926, huko Bukama, Katanga, mtumishi wa serikali ya Wabeleji Georges Thiry aliona nyumba zilizopambwa kwa michoro, akamtafuta mchoraji wake. Aliitwa Albert Lubaki. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji. Michoro yake ilionyeshwa Brussels mwaka 1929 na Geneva mwaka 1930, na leo inahesabiwa kati ya kazi za kwanza za uchoraji wa karatasi wa Kongo. Baada ya miaka ya 1930 jina la Lubaki halisikiki tena. Michoro iko Ulaya. Mtu mwenyewe hakuachiwa barua wala daftari la kuandikia maisha yake.

Wachoraji wawili, nchi moja, mwaka mmoja. Wa kwanza alikuwa na mke aliyetunza makaratasi na mji uliotoa jumba. Wa pili hakuwa na kimoja wala kingine. Tofauti yao haitokani na kipaji.

Ndugu wa gorila wa Walikale

Kilichotunzwa kwa jina na picha kinapata watetezi pia. Gorila wa mlimani, yule wa kioo cha New York, amejulikana dunia nzima. Kabara iliendelea kuwavuta watafiti: George Schaller alikaa hapo mwaka 1959 na 1960, na Dian Fossey alianza hapo Januari 1967 kabla vita havijamfukuza mwezi Julai. Mwaka 1981 gorila wa volkeno za Virunga walihesabiwa kuwa 254 tu. Hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 iliwakuta 604, na ukiongeza wale wa Bwindi upande wa Uganda wanapita 1,000.

Gorila wa Walikale ni wa aina nyingine, anayeitwa gorila wa Grauer, na anaishi Kongo peke yake. Hakupata ukuta wa Leigh. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Baada ya miaka ya vita na machimbo, makadirio ya 2016 yaliwashusha hadi 3,800, na yale ya 2021 yakasema 6,800. Picha peke yake haiwezi kumwokoa mnyama; Akeley alihitaji pia amri ya mfalme, na walinzi wengi wa Virunga wamekufa kazini. Lakini kisichojulikana ni rahisi kukipoteza bila mtu kuuliza.

Kilichobaki mlimani na kilichobaki nyumbani

Kabara yenyewe haikupona. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kaburi la Akeley lilivunjwa na mifupa yake ikaibwa. Baadaye lilitengenezwa tena. Jiwe liliwekwa ili lidumu mlimani, nalo likavunjwa. Karatasi na turubai, vitu vinavyoungua na kuoza kwa urahisi, ndivyo vilivyodumu, kwa sababu kuna watu waliovitunza.

Hilo ndilo jambo zito kwa mkaaji wa Masisi au Walikale leo. Mji wa Masisi uliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, Walikale-katikati ikafuatia Machi kwa muda. Kabla ya hapo vijiji vingi vilikuwa vimekimbia mara tatu, mara nne. Mtu akikimbia anachukua mtoto, godoro, sufuria na bidoni. Daftari la katekista, orodha ya wanafunzi, barua za baba aliyefanya kazi kwenye shamba la chai, picha ya harusi, karatasi ya kiwanja, vinabaki. Mvua, mchwa na moto vinamaliza.

Makaratasi hayo si madogo kuliko ya Leigh. Ndani yake kuna majina ambayo vitabu vya wazungu havikuandika. Huenda mjukuu wa mmoja wa wapagazi wa 1926 yuko leo kambini, akijua hadithi aliyoisikia kwa babu yake, na hadithi hiyo haijaandikwa mahali popote. Wazee wanaoweza kueleza Kivu ya kabla ya uhuru wanapungua kila mwaka.

Wengi wetu hatuna jumba la Tulsa, na hatutalipata kesho. Lakini simu yenye kamera iko karibu kila familia. Kurasa za daftari zinaweza kupigwa picha na kutumwa kwa ndugu aliye mahali salama. Karatasi ya kiwanja inaweza kufungwa ndani ya plastiki na kuwekwa kwenye mfuko unaobebwa kwanza. Parokia, shule na ofisi za usheferi zinaweza kuwa na nakala mbili katika miji miwili tofauti. Mzee anaweza kurekodiwa akitaja majina ya vijito, vilima na watu wa kijiji chake.

Ethel Traphagen hakuchora hata mlima mmoja wa Kivu, na hakuna anayemtaja mbele ya kioo cha gorila. Alichofanya ni kukataa kutupa makaratasi ya mume wake. Kwa sababu hiyo, ukungu wa Mikeno wa Novemba 1926 bado unaweza kuonekana. Siku vitoto vyetu vitakapouliza Masisi na Walikale zilikuwaje, jibu litategemea nani kati yetu alikataa kutupa.